Mlango Mpana wa Nyumba ya Babu

Mlango wa mbele wa nyumba ya babu, pale Iringa mjini, una upana wa futi tano na nusu mabawa yake yote mawili yakifunguliwa. Nimeupima kwa futi kamba mara tatu. Mlango wa nyumba yangu mwenyewe, niliyoijenga Kihesa kwa mkopo na jasho, haufiki futi tatu. Niliishi na milango yote miwili miaka mingi bila kuifikiria, mpaka siku jirani yangu wa Kihesa alipofariki na mwili wake ukaletwa nyumbani kuagwa. Kuingia waliingia kwa taabu. Kutoka ndiko kulikotutoa machozi. Wabebaji sita hawakuenea kwenye korido, wakabaki wanne, na ili wakate kona ya sebuleni wakalazimika kulilaza jeneza ubavu. Mjane alikuwa nyuma yao. Sauti aliyoitoa alipoona mumewe anageuzwa vile, kama kabati linalohamishwa, ninayo masikioni hadi leo.

Kwenye nyumba ya babu jambo hilo haliwezi kutokea. Jeneza linapita na wabebaji wake sita, wakiwa wamesimama wima, bila bega la mtu kugusa fremu.

Nyumba hiyo sasa ni nyumba ya huduma za mazishi. Watu wa mtaa wanasema tu “pale kwenye majeneza”, na bodaboda ukimwambia hivyo anakupeleka bila kuuliza swali la pili. Nyumba ilipoanza kazi hiyo, mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha ukoo nikasema heri tuiuze, ivunjwe, tugawane tusahau. Nilisema kwa hasira na nilipigiwa makofi.

Babu aliinunua mwaka 1972 kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anaondoka. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1971, ilipitishwa sheria ya serikali kutwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea ambayo wenyewe hawakai ndani, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba yetu haikuguswa. Thamani yake ilikuwa ndogo, na yule mzee alikuwa analala palepale, nyuma ya duka lake. Lakini ndugu zake walishatawanyika, naye hakutaka kuzeeka peke yake. Mama yangu anasema siku ya makabidhiano alimkabidhi babu ufunguo, kisha akarudi kuupapasa mlango kwa kiganja, akaenda zake stendi.

Ni nyumba ya biashara ya enzi za Mwingereza, ya aina ambayo bado utaiona ukitembea polepole katikati ya mji: baraza mbele lenye nguzo za mbao, duka, stoo mbili, korido moja iliyonyooka kama uzi mpaka uani, na vyumba vya kulala vikitazama ua. Kuta ni za matofali mabichi, unene wake unakaribia nusu mita, zimepigwa lipu ya chokaa. Bati ni lile nene la zamani ambalo mvua ikinyesha halipigi kelele za kukera. Sakafu ya duka ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang’aa. Anayeijua Iringa ya Juni na Julai, baridi inayokufanya uzungumze moshi unatoka mdomoni, atanielewa nikisema kwamba ndani ya kuta zile usiku huwa kuna joto la jana.

Kila kitu mle kilipangwa kwa ajili ya gunia. Mlango mpana, ili wapagazi wawili wapishane na magunia mabegani. Korido iliyonyooka, ili mzigo usikate kona. Kizingiti kimelala sawa na sakafu ili mtu aliyelemewa asijikwae. Juu ya duka, kwenye boriti, kuna ndoano ya chuma ambapo babu alitundika mizani yake ya kupimia maharage na ulezi. Unene wa ile ndoano unalingana na kidole gumba changu.

Bibi alipofariki nyumba ilibaki tupu. Sisi wajukuu tulikuwa Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, kila mmoja na shughuli zake, na nyumba isiyo na moshi wa jikoni haichukui muda kuanza kujifia. Gata liliziba majani, maji yakaanza kushukia ukutani. Mchwa wakapanda kwenye fremu za madirisha ya uani. Mjomba, ambaye ndiye pekee aliyebaki Iringa, alitupigia simu wote kuomba mchango wa ukarabati. Tulimwahidi. Hatukutuma. Nasema “hatukutuma” nikijihesabu mimi wa kwanza, kwa sababu baadaye ndiye niliyepaza sauti kuliko wote.

Ndipo mjomba akaipangisha kwa fundi seremala kutoka Mufindi. Fundi alikuwa anatengeneza vitanda na makabati kwa mbao za paina za Sao Hill, na majeneza pale anapoombwa. Baadaye majeneza yakazidi vitanda. Kisha akanunua gari la kubebea mwili. Kisha akaweka bango.

Kikao kile cha ukoo kilikuwa kizito. Shangazi yangu mkubwa alisimama akasema, “Baba hakununua nyumba ya kuuzia masanduku,” akaapa kwamba hatakanyaga pale tena. Wengine walisema ni nuksi. Binamu mmoja alikuwa tayari na mnunuzi mwenye ramani ya ghorofa mkononi. Mjomba alinyamaza muda wote. Mwisho akasema maneno ambayo sikuyajali siku ile: “Fundi amezibua gata.” Basi. Akakaa.

Ilinichukua karibu mwaka kwenda kuangalia lile gata. Nilifika asubuhi, nikasalimia “kamwene” kama tunavyosalimia huku kwetu, na fundi akanipokea kama mwenye nyumba ingawa sikustahili. Gata lilikuwa safi. Fremu zilizoliwa na mchwa zilikuwa zimetolewa vipande vibovu tu, zikaunganishwa mbao mpya kwa viungo vya kuchonga, pasipo msumari. Nilimuuliza kwa nini hakuzing’oa zote aweke madirisha ya aluminiamu kama watu wengine. Alipapasa fremu, akasema mbao hii ni mvule, imekaa hapa tangu kabla hajazaliwa, na robo tatu yake haina ubaya wowote. Seremala hatupi mbao nzima kwa kosa la robo. Nilitamani mjenzi yeyote niliyewahi kumlipa angezungumza hivyo.

Baada ya siku ile nilianza kusoma. Niligundua kwamba Marekani, ambako nyumba za mazishi ni biashara ya kila mji, hadithi yake inafanana na yetu kuliko nilivyodhani. Zamani kule marehemu alilazwa sebuleni kwake, majirani wakaja kumuaga palepale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, vilileta vifo vya mbali na nyumbani, na familia zilizotaka wanao warudi zikaanza kutumia dawa za kuhifadhi mwili ili usafirishwe kwa treni. Rais Lincoln mwenyewe, mwaka 1865, alirudishwa hivyo kutoka Washington hadi Springfield, akisimamishwa mji hadi mji ili watu wamuage. Na wengi wa walioshika kazi ya mazishi walikuwa maseremala wa samani, kwa kuwa ndio walioombwa majeneza. Baadaye walipohitaji mahali pa kupokelea wafiwa, walichukua majumba makubwa ya zamani ambayo familia hazikuweza tena kuyatunza: milango mipana, kumbi kubwa, baraza mbele. Majumba mengi ya karne ya 19 kule yalipona kwa njia hiyo. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Seremala, kifo cha mbali, jumba lililotelekezwa. Nilikuwa nasoma habari za nyumba ya babu.

Na kifo cha mbali ndicho kinachoiendesha biashara ile. Watu wetu wanafanya kazi Dar es Salaam na wanazikwa Kilolo, Mufindi, Ludewa, Makete. Msafara unaondoka jioni, unapita Mikumi usiku, unapanda Kitonga gizani nyuma ya malori yanayokwenda mwendo wa konokono, unafika Iringa alfajiri. Takriban kilomita 500. Waliomo ndani wamelia, hawajalala, wamevaa kanga za joto la pwani, na mbele bado kuna barabara ya vumbi ya saa mbili au tatu. Wanahitaji choo. Wanahitaji maji ya moto na chai. Wanawake wanahitaji chumba cha kubadilisha nguo, na mwili unahitaji kuangaliwa kabla wazee wa kijijini hawajaupokea, kwa sababu barabara haina adabu. Zamani mambo yote haya yalifanyika kando ya barabara, pembeni ya kituo cha mafuta. Sasa wanaingia kwa babu. Stoo ya kwanza ndiyo chumba cha wafiwa, viti na meza ya chai. Ile ya pili ndiyo chumba cha kumwandaa marehemu.

Mimi ni mtu wa Iringa, na labda ndiyo sababu hoja ya mahali pa kurudi ilinishinda mapema. Kilomita chache kutoka mjini, Kalenga, kuna nyumba ya makumbusho ambamo limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mkwawa alijiua Mlambalasi mwaka 1898 ili asikamatwe hai na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, katika kifungu cha 246 ulidai kirudishwe. Kilirudi 1954. Miaka 56 Wahehe walikuwa wanasubiri sehemu ya mtu wao iwe na paa juu yake. Nilipelekwa pale nikiwa darasa la nne, tukapanga mstari, mwalimu akatuambia tuvue kofia. Halafu nikakua, nikasimama mbele ya wazee kusema nyumba ya kupokelea marehemu ni aibu kwa ukoo.

Kuitunza nyumba ya namna ile ni kazi nyingine, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoharibu.

Miaka ya tisini sisi wenyewe, familia, tuliona lipu ya ukuta wa magharibi inabanduka. Tukafanya kile ambacho kila mtu anafanya: tukabandua chokaa, tukapiga saruji. Ukapendeza. Baada ya vifuku vichache ukaanza kulia kama debe ukigongwa, kisha ukadondoka mapande, na kila pande likaondoka na nyama ya ukuta. Tuliwalaumu mafundi. Kumbe kosa lilikuwa letu. Tofali bichi linakunywa maji kutoka ardhini, yanapanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo, inayaachia maji hayo yatoke kwa mvuke, na kiangazi ukuta unakauka. Saruji inayafungia. Maji yanakaa nyuma yake, chumvi inajikusanya, udongo unalainika, na wewe uliye nje unaona ukuta mgumu, laini, wa kisasa, wakati ndani unaoza.

Aliyetufumbua macho ni mzee mwashi wa Tosamaganga, aliyejifunzia kazi kwenye majengo ya misheni. Alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi anapofikia, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akasema saruji yote itoke. Yote. Binamu yule wa ghorofa alicheka, lakini fundi majeneza akachukua patasi siku hiyohiyo.

Jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la nyuzi kama 900 linatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Ukiitia maji inachemka yenyewe, bila moto, na ikikurukia jichoni inapofusha, kwa hiyo watoto walifukuzwa uani. Kisha inazikwa kwenye shimo, ikiwa imefunikwa na maji, majuma kadhaa. Mzee anapenda miezi. Inatoka laini kama siagi. Fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga usio na udongo. Unapiga tabaka jembamba, unasubiri, unapiga jingine, na ukuta unavikwa magunia mabichi ili usikaushwe na jua upesi. Inakauka taratibu kwa kuivuta tena hewani ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto, mpaka inarudi kuwa jiwe. Huwezi kuifanya kifuku, huwezi kuifanya kwa haraka, na fundi anayelipwa kwa siku hapendi kusikia habari zake. Tulipata chokaa kutoka upande wa Songwe, na kodi ya miezi miwili ya kila mwaka tukakubaliana isije kwetu, iingie ukutani.

Sharti lingine lilikuwa maji ya kuoshea. Mahali pa kuoshea hapakujengwa ndani. Pako uani, mbali na ukuta, sakafu yake ina mteremko na maji yanaingia kwenye shimo lake. Miili hailali pale. Kuihifadhi kwa baridi na dawa ni kazi ya mochwari ya hospitali. Mjomba alihangaikia pia kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo, ambacho Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakitaka, na afisa afya amekuja kukagua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa, lakini nyumba yetu haimo katika orodha yoyote na sidhani kama itaingia. Boma la Wajerumani pale mjini limepata bahati: limekarabatiwa na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho, na nafurahi kila ninapolipita. Ila mji hauwezi kugeuza kila duka la zamani kuwa makumbusho. Nyumba kama yetu itaishi ikiwa tu kuna mtu anayeamka asubuhi akiihitaji.

Yapo yaliyopotea. Kabla sijaanza kufika pale, ukuta mwembamba kati ya chumba cha bibi na jiko ulivunjwa ili mbao zipate pa kukaukia. Kwenye ukuta ule kulikuwa na shubaka alimoweka Biblia yake, miwani, na sukari aliyotuficha. Fundi hakujua. Nilipomwambia, alitoa tofali moja alilokuwa amelibakiza akanipa, na mpaka leo sijui niliweke wapi. Ningekuwa nakuja, lile shubaka lingekuwepo.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mume wa shangazi mkubwa alifariki Dar es Salaam. Kijiji chake ni Kilolo. Hakuna aliyethubutu kumwambia shangazi msafara utasimama wapi. Saa kumi na moja alfajiri gari likaingia barazani, mabawa ya mlango yakafunguliwa yote mawili, taa ikiwaka kwenye ndoano ya mizani. Shangazi alibaki kwenye gari. Nilimwendea na blanketi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mmenileta hapa.”

“Tumekuleta nyumbani. Kuna chai.”

Alikaa kimya muda mrefu. Wabebaji walikuwa wameshampitisha mumewe, wima, bila kugusa popote, na yeye alikuwa ameona. Akashuka. Alipita dukani polepole, akatazama juu kwenye ndoano, akashika ukuta wa korido kwa kiganja. Aliingia chumba cha wafiwa, akanywa chai kikombe kizima. Nikadhani yamekwisha. Mara kutoka karakana ya uani nyundo ikagonga. Kijana alikuwa anamalizia jeneza la mtu mwingine.

Shangazi alisimama, akaenda mpaka uani, akamwambia fundi kwa sauti ya chini ambayo sisi watoto wake tunaiogopa kuliko makelele: “Msumari usigongwe wakati wafiwa wamo ndani. Hata mmoja.” Fundi aliinamisha kichwa akasema, “Nimekosa, mama.” Tangu siku ile ni sheria ya nyumba. Gari likiingia barazani, nyundo na randa zinawekwa chini, hata kama jeneza lingine linatakiwa saa hiyohiyo. Wateja wawili watatu wamelalamika kucheleweshewa, na fundi hajairegeza.

Kwenye kikao cha ukoo cha Desemba binamu alikuja tena na ramani yake. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mlango wa mbele wa hilo ghorofa utakuwa na futi ngapi. Binamu akafungua ramani, akatafuta. Tatu.

Ukuta wa magharibi bado haujakamilika. Tulimaliza kuondoa saruji mwezi wa kumi, mvua ikatukuta, tukaufunika kwa maturubai yaleyale ya msibani. Uani kuna shimo lenye chokaa, limefunikwa bati na mawe manne juu yake. Kijana wa karakana anaongeza maji kila Jumamosi ili isikauke juu. Mzee wa Tosamaganga amesema tusiiguse mpaka Juni, na ameomba atumiwe nauli mapema.